Nyumba za Kura Kwenye Shamba la Baba

Kiranjeranje,
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Pazi,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, alhamdulillahi, ukiacha magoti yangu na masikio yangu, ambayo siku hizi hata adhana ya msikiti wa hapa jirani yanaisikia kama mtu anayeguna. Ndiyo maana nakuandikia. Simu nimempa mwanangu Hamida. Mimi nikiiweka sikioni nasikia kuvuma tu, na vile viherufi vyake vinaniumiza macho. Barua hii ataileta Alex, kondakta wa basi la asubuhi, na ukijibu mpe yeye yeye. Nimemwahidi mbaazi.

Ufuta tumevuna si haba. Hamida ana mimba, inshallah atajifungua Januari. Mbuzi wako yule mwenye pembe moja amezaa mapacha na bado hana adabu.

Sasa neno lenyewe. Umesikia mvua za mwaka huu zilivyotufanya. Nyumba za bondeni zimekwenda zote, ya Hamida ikiwa ya kwanza. Kwangu tunalala kaya nne. Ukiamka alfajiri kwenda kutawadha unaruka miguu ya watu. Wengine wako chini ya maturubai kando ya shule. Bondeni hakuna anayetaka kurudi, lakini waende wapi?

Haruna, yule fundi mwashi uliyemshonea kanzu ya harusi, naye amebaki na nguo alizovaa. Ndiye aliyetukusanya. Tumekuwa kaya kumi na moja, mimi nikiwemo, na wewe ukiingia kumi na mbili, nasi tunataka kujenga pamoja kama ushirika. Matofali yatakuwa ya udongo wetu wenyewe, ya kushindilia kwa mashine ya mkono na kukausha kivulini, hayachomwi, ili tusimalize miti kwa kulisha tanuri. Maji ya mabati yote yataingia tangi moja. Na mahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko, palipo karibu na barabara, ni pale tu: shamba la baba.

Najua unachotaka kusema. Katika ardhi ile mafungu mawili ni yako na moja langu, na mikorosho yote ni yako peke yako. Hapa kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata ardhi iwe ya nani. Nimewaambia kwamba bila neno lako hakuna atakayegusa hata tawi, nao wamekubali kwa heshima. Lakini masika haijui heshima. Tusipokuwa chini ya paa ifikapo Machi, watoto hawa watalowa tena, na mmoja wao atakuwa mchanga wa Hamida.

Toa neno, Pazi. Na ukubali nyumba moja iwe yako. Tangu wifi yangu afariki, Mungu amrehemu, unazeeka peke yako kwenye chumba cha kupanga. Mimi silali nikikuwaza.

Dada yako,
Mwahija


Mtanda, Lindi,
29 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Barua imefika, na Alex ameniuliza kama nami nitampa mbaazi. Mimi mzima. Msimu wa sare za shule umepita, sasa nashona kanzu na magauni ya harusi. Veronika, jirani yangu anayekaanga vitumbua hapa barazani, anakusalimu sana. Nafurahi kwa habari ya Hamida. Mwambie asibebe ndoo.

Kuhusu shamba, jibu langu ni hapana.

Usinione nina roho mbaya. Nimewaonea huruma watu wa bondeni na nitatoa nguo. Lakini dada, wewe umesahau? Walipokuja watu wa operesheni ya vijiji kutuhamisha, wewe ulikuwa mwari, mimi mtoto wa kushikwa mkono. Niliona paa la baba likiezuliwa na sufuria za mama zikitupwa nje. Tukaambiwa tukakae kwa mstari, nyumba hii na hii, tulime pamoja, tuwe ndugu. Nani alikuwa ndugu? Kila mtu alichungulia sufuria ya mwenzake. Baba alikufa akililia shamba lile. Niliporudi nilikuta pori, nikalisafisha kwa panga, nikapanda mkorosho mmoja mmoja na kumwagilia kwa kibuyu. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akinishikia miche.

Leo unaniambia tujipange mstari tena, na mara hii kwa hiari yetu. Halafu mmoja atauza kwa mgeni, mgeni ataweka ukuta, na mikorosho yangu itakuwa kuni.

Nyumba siihitaji. Chumba changu kinanitosha. Hapa nikinyoosha mkono nafika kwenye cherehani.

Mdogo wako,
Pazi


Kiranjeranje,
15 Septemba 2024

Pazi, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili ili nihakikishe kama umekasirika kweli. Umekasirika. Hata herufi zako zimesimama kama askari.

Sijasahau operesheni. Mimi ndiye niliyebeba kuku na kukubeba wewe, na wewe ulikuwa mzito kuliko kuku wote. Lakini wale walituhamisha. Hawa wanaomba. Kule tulipewa amri na watu tusiowajua. Huku tumekaa kwenye mkeka wangu, tumegombana, Haruna akaondoka akiwa amenuna na kurudi kesho yake kwa sababu alisahau kofia. Mambo ya amri hayaendi hivyo.

Nikueleze tulivyokubaliana, kisha ukatae ukiwa unajua unachokataa. Kwanza, nyumba haiuzwi. Mtu ataishi, watoto wake watarithi, akihama inarudi kwa ushirika. Pili, hatukai mstari. Nyumba zitapita kati ya mikorosho, na njia itapinda panapobidi. Itakatwa ile tu ambayo msingi utaikalia, na kwa kila mmoja tutapanda miche mitatu. Mavuno ya iliyobaki ni yako kama zamani.

La tatu ndilo linalonipendeza. Hakuna anayejua nyumba yake ni ipi. Tutajenga zote kumi na mbili hadi ufunguo wa mwisho, ndipo tupige kura. Leo nikishindilia tofali, sijui kama litakuwa ukuta wangu au wa Haruna au wa yule mama mwenye mdomo mchafu wa kando ya shule. Basi nalishindilia vizuri. Hata huyo mama, nikuambie ukweli, anafyatua matofali mazuri kuliko yangu.

Matofali tumeshaanza, yako kivulini nyuma ya nyumba yangu. Tumeanza bila ardhi, kama mtu anayenunua kanga ya harusi kabla ya kuposwa. Tucheke, lakini utujibu. Tungependa kuingia shambani ukimaliza kuvuna korosho zako, mwezi wa kumi na mbili.

Na jina lako nimeliweka. Usinigombeze.

Mwahija


Kiranjeranje,
3 Novemba 2024

Pazi mdogo wangu,

Salamu nyingi baada ya kimya kingi. Alex anaapa kwamba barua yangu ya Septemba alikukabidhi mkononi. Ya Oktoba anasema alimpa Veronika, na Veronika akamwambia umetoka. Umetoka kwenda wapi? Wewe hutoki hata kwenda sokoni.

Korosho zinaokotwa. Vijana wa Haruna wanaokota zako bila ujira na kuziweka ndani kwangu. Kama bado una hasira, andika hasira. Mimi nimeizoea. Kimya ndicho kinachonitisha.

Mwahija


Mtanda, Lindi,
12 Desemba 2024

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii inaandikwa na Veronika, mimi nasema yeye anaandika, kwa kuwa nimejichoma sindano kidoleni na kidole kimevimba. Si jambo la kukutisha. Kazi ilikuwa nyingi, ndiyo maana nilikuwa sionekani. Hali ya hewa huku ni joto. Vitumbua vimepanda bei.

Kuhusu shamba, nimefikiri. Jengeni. Mikorosho inayozuia msingi, kateni. Mingine ikiwazuia njia, kateni nayo, msipindishe njia kwa ajili yangu. Korosho zilizookotwa mziuze, mnunue saruji na mabati. Sitaki hesabu yake.

Wasalimie vijana wa Haruna waliookota. Waambie nimeshukuru. Mwambie na Haruna mwenyewe kwamba kanzu yake ya harusi ndiyo kanzu nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, sikumwambia wakati ule kwa sababu alikuwa anaomba apunguziwe.

Ila jina langu kwenye kura lifute. Nyumba mpe mwenye watoto.

Mdogo wako,
Pazi


Kiranjeranje,
19 Januari 2025

Pazi, marahaba, marahaba tena.

Sijui nianzie wapi kukushukuru. Haruna alipowasomea watu barua yako pale kwenye matofali, yule mama wa mdomo mchafu alikaa chini akafunika uso kwa kanga. Wamesoma dua kwa ajili yako na ya marehemu mkeo. Nami nilisimama pembeni nikitazama midomo yao, maana sauti siipati, na nikaona jina lako kwenye kila mdomo.

Hamida amejifungua salama, mtoto wa kike, wamemwita Nusaiba. Ana hasira kama zako.

Mikorosho iliyokatwa ni michache, na njia tumeipindisha ingawa ulitukataza. Kwa kila mti ulioanguka tulisimama kwanza, Haruna akasema asante kwa sauti, ndipo shoka likaanza. Mashina yote tumeyafanya milango na madawati, hayakuchomwa. Kuta zinapanda. Sakafu tumeziinua hadi gotini ili maji yasithubutu tena, na mlangoni patakuwa na ngazi tatu za saruji. Utapenda kukaa hapo ukipigwa na upepo.

Utapenda, kwa sababu jina lako sikulifuta. Umenyenyekea mno kwenye barua ile, Pazi. Nakujua miaka yote hii, hujawahi kukubali neno langu bila kunisumbua kwanza. Ama umezeeka ama kuna kitu.

Nakutumia kitambaa cha gauni langu la siku ya kura. Vipimo vyangu unavijua, ongeza kidogo kiunoni.

Mwahija


Mtanda, Lindi,
2 Machi 2025

Dada, shikamoo.

Hongera kwa mjukuu. Gauni hilo hapo, analo Alex. Veronika ndiye anayeandika tena, kidole bado.

Nakuomba kwa heshima zote ufute jina langu. Nyumba zenu zimejengwa juu sana. Mimi nimezoea huku chini, mlango wangu na baraza ni usawa mmoja. Mtu mzima akianza kupanda ngazi kila aendapo msalani itakuwa shida bure. Hizo ngazi tatu hazina namna?

Sahau hilo swali. Nimeuliza tu.

Mungu awatangulie paa likamilike.

Pazi


Kiranjeranje,
27 Machi 2025

Pazi,

Mvua inapiga mabati ninapoandika. Naijua kwa kuweka kiganja ukutani. Tuko ndani, kaya zote kumi na moja tumegawana nyumba kwa muda hadi kura, na hakuna mtoto aliyelowa. Hilo ni lako. Liweke moyoni kabla sijakugombeza.

Gauni lilifika. Nililigeuza ndani nje. Huo si mshono wako. Wewe tangu unashona vifuko vya korosho hujawahi kuacha pindo bila kulikunja mara mbili, na hili limekunjwa mara moja na uzi umekatwa kwa meno. Nilikaa na gauni lile mapajani asubuhi nzima. Kisha nikasoma upya barua zako, nikaona kidole hakivimbi tangu Desemba hadi Machi.

Haruna alikuwa anakuja Lindi kununua bawaba. Nikamwambia apite Mtanda bila kubisha hodi. Amekukuta barazani. Ameniambia mkono wako wa kulia umelala, mguu unauburura, anayeishonea cherehani yako sasa ni Tomaso wa baraza la pili, na Veronika ndiye anayekupikia na kukushika ukienda msalani. Ameniambia ulipomwona ulijaribu kuinuka ili aone u mzima, ukashindwa.

Tangu Oktoba, Pazi! Nililia, nikakukasirikia, nikalia tena. Mimi ni kiziwi, si mfu. Kwa nini hukuniambia?

Jioni ile niliwaomba wenzangu jambo moja. Nilisema nyumba ya mwisho wampe Pazi moja kwa moja, na mlango wake niupanue kwa fedha yangu. Haruna akakataa. Nilimwona mkatili, mtu aliyekaa kwenye ardhi yako! Akainama sikioni kwangu akapaza sauti hadi nikasikia kila neno.

"Bi Mwahija, tukiitaja nyumba moja kwa jina leo, kesho kila mtu atakuwa na yake, na tofali bovu litakwenda kwa jirani. Mzee Pazi yumo kwenye kura kama sisi. Sasa wewe unajua ataangukia nyumba gani?"

"Sijui," nikamwambia.

"Hata mimi sijui. Basi tuzivunje zote."

Yule mama wa mdomo mchafu akasema kwanza Haruna ni mwendawazimu, pili yeye yuko tayari. Hakuna aliyebaki nyuma. Mvua zikipita, ngazi hazitajengwa. Kila nyumba itapata mteremko wa mawe na udongo wa kushindilia, mrefu, unaopandika taratibu, na kila mlango utabomolewa na kupanuliwa hadi mtu na anayemshika waingie bega kwa bega. Yote kumi na mbili.

Sasa nijibu wewe, si kidole.

Mwahija


Mtanda, Lindi,
20 Aprili 2025

Dada yangu, shikamoo.

Haruna ni mmbea, lakini namshukuru. Yaliyo kwenye barua yako ni kweli yote. Nilianguka kwenye cherehani, uso ukiwa juu ya gauni la bibi harusi wa watu. Veronika alinisikia nikikoroma akadhani nimelala kazini. Alinifikisha hospitali kwa bajaji, akakaa nami, akauacha ukaangaji wake, yeye ambaye si ndugu wala hatuswali pamoja. Hapa anakataa kuandika sentensi hii, nimemwambia asipoiandika sili. Ameandika.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Niliogopa ungeacha kila kitu uje, na watu wa bondeni wangebaki bila mtu wa kuwasemea. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni aibu. Mimi ni fundi, dada. Watu wananijua kwa mkono huu. Nilitaka wewe angalau ubaki unanijua hivyo.

Kuhusu mikorosho, nililala mwezi mzima nikitazama dari ya mwenye nyumba. Nikajiuliza namtunzia nani. Nikakumbuka jambo ambalo sikuliandika kwenye barua yangu ya hasira: tulipokuwa tunapanda, mke wangu alitaka tujenge palepale, watoto wacheze chini yake. Watoto hatukujaliwa. Basi wacheze hawa.

Lakini hilo la kubomoa milango sitaki. Watu wamepoteza kila kitu, wamejenga, halafu wavunje ukuta mpya kwa ajili ya mzee mmoja asiyeweza hata kufunga vifungo vyake! Nitawaonaje usoni? Mwambie Haruna nakataza. Mafungu mawili ya ardhi ni yangu.

Pazi


Kiranjeranje,
6 Julai 2025

Pazi, marahaba.

Haruna ameisoma amri yako, akaikunja, akaweka mfukoni, akachukua nyundo.

Tumemaliza. Sikukuandikia mapema kwa sababu ulikuwa utaendelea kukataza, nasi tulikuwa na kazi. Nikueleze uone. Milango yote imepanuliwa, matofali yaliyotoka tumeyatumia kwenye kuta za miteremko, hakuna lililotupwa. Mlango wa pili kubomolewa ulikuwa wa nyumba niliyokuwa nalala mimi. Nilishika patasi mwenyewe na kidole changu kikavimba kweli, si kama chako. Na unajua nani wa kwanza kuufurahia mteremko? Hamida, akipandisha madumu ya maji kwenye toroli na Nusaiba mgongoni. Baada yake mama yake Haruna, ambaye miaka miwili alikuwa anabebwa ili atoke nje na sisi wote tulikuwa tunaona ni kawaida. Tulipanga ngazi tatu mbele ya yule bibi bila hata kumfikiria! Haruna alipoliona hilo aliweka nyundo chini. Kisha akasema nikushukuru.

Jana ilikuwa kura. Nilivaa gauni la Tomaso, pindo nimelirekebisha. Karatasi zilikunjwa zikatiwa kwenye kofia ya Haruna, ileile aliyoisahau kwangu. Kila kaya ikachota. Wakataka nikuchotee, nikakataa, mkono wangu una tamaa, ungetafuta jirani yangu. Nikasema itakayobaki ndiyo yako.

Mimi nimepata ya juu kabisa, mwisho wa njia. Haruna amenifuatia. Hamida yuko katikati. Wewe, mdogo wangu, imekubakia ya chini, ya kwanza kutoka barabarani. Nilitaka tuwe ukuta kwa ukuta, na sasa kati yetu kuna milango kumi ya watu. Nilisikitika, nakuambia ukweli. Yule mama wa mdomo mchafu alinitazama akasema tubadilishane, mie nikakataa, maana sheria ni sheria na nimeitunga mimi.

Nyumba yako imefagiwa. Ndani kuna kitanda cha mkorosho wako na meza ya cherehani, kama Tomaso atakubali kukurudishia. Mwambie Veronika kwamba kwa ushirika huu yeye ni ndugu, na siku atakayotaka kuja kukaanga vitumbua hapa, hata mwezi mzima, baraza analo.

Njoo nyumbani, Pazi. Sina neno jingine.

Mwahija


Mtanda, Lindi,
14 Julai 2025

Dada, shikamoo.

Naandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Imenichukua tangu asubuhi. Usicheke herufi.

Nimefunga mizigo. Cherehani inabaki kwa Tomaso, aishonee, siku moja moja nitamkosoa kwa barua. Veronika atanisindikiza na kulala kwako siku chache. Tunakuja Jumamosi kwa basi la Alex.

Nina ombi. Usije barabarani kunipokea, wala usilete watu. Kaa mlangoni kwako. Sitaingia kwangu kwanza. Nitapanda njia yote hadi kwako, na kila mlango nitapanda mteremko wake, nibishe hodi, niingie, niseme asante kwa mwenye nyumba, nitoke. Yote kumi. Veronika anasema nitachoka. Nitapumzika kwa Hamida, nimbebe Nusaiba kwa mkono unaobeba.

Ukiniona nimeingia kwa Haruna, mlango wa mwisho kabla ya kwako, ndipo uinjike chai. Hapo nitachelewa.

Pazi